Kanzidata ya Watu Wanaofunga

Kosa ambalo simulizi hii italiweka wazi ni la kutafuta jibu tulilokwisha kulichagua. Siliiti uongo, maana mwenye kosa hili husema anachokiamini. Wala siliiti ujinga, kwa kuwa wengi wanaolitenda wamesoma. Ni kwenda sokoni na risiti mkononi, kisha kuzunguka duka hadi duka mpaka apatikane muuzaji atakayekubali kuipigia mhuri. Nimeliona kosa hilo likiketi sebuleni kwangu, likinipenda kwa dhati, na likikaribia kunirudisha wodini. Naliandika sasa kwa sababu hatari imepita, na kwa sababu najua yupo mtu mahali fulani ambaye asubuhi ya leo amemeza vidonge vyake, akatazama kalenda, akaona Ramadhani inakaribia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari. Ninaishi Mchafukoge, katika nyumba ya ghorofa alimozaliwa mume wangu, Idrisa, ambaye anauza vitambaa vya mapazia Kariakoo kama baba yake alivyouza.

Ugonjwa ulianza kwa weusi. Kwa kuzaliwa mimi ni maji ya kunde, na weusi si jambo la kumwonea mtu haya. Lakini huu haukuwa wangu. Ulianzia kwenye vifundo vya vidole, ukaingia katika mistari ya viganja kama wino, ukapanda hadi kwenye fizi. Aliyekulia mjini hapa anajua jinsi vifundo vyeusi vinavyosomwa: ni alama ya mtumia mkorogo, krimu ya kujichubua, ambaye uso hutakata na vidole hukataa. Uso wangu nao ulipoanza kukolea, hukumu haikufutwa, ilirekebishwa tu. Mwalimu alikuwa akijipaka kwa siri, sasa ameacha, na ngozi inamlipiza. Miaka yote nimewakemea wasichana wa shule juu ya krimu zinazochanganywa vichochoroni. Siku moja, nikiwa nasahihisha insha, nilimsikia mmoja wao nje ya dirisha akimwambia mwenzake, bila kujitaabisha kupunguza sauti, “Ticha naye kumbe alikuwemo.” Sikumwita. Sikuwa na nguvu za kusimama.

Nguvu ndizo zilizofuata kuondoka. Nikiinuka ghafla, ukuta ulizunguka. Magauni yalinining'inia. Chakula chote kilinichukiza isipokuwa chumvi: nilinunua maembe mabichi kwa ajili ya chumvi iliyonyunyizwa juu yake, na embe lenyewe nikaliacha. Wifi yangu Zuhura, dada mkubwa wa Idrisa, anayeuza viatu vya mitumba Mchikichini na kukaa ghorofa ya chini yetu, alinifuma jikoni nimeshika kopo la chumvi.

“Wifi,” aliniambia, “mbuzi wa Idi huanza hivyohivyo, halafu tunamchinja.”

Nilicheka. Wifi ana haki ya utani, na ule ulikuwa utani mzuri.

Ramadhani ya mwaka huo niliifunga yote katika hali hiyo, nikidhani ni uchovu wa umri. Masika yalipoanza nilianguka bafuni. Idrisa alinibeba ngazi zote hadi kwenye bajaji, mvua ikinyesha, na naambiwa kwamba njia nzima hakusema neno ila jina langu. Hospitalini walinitundikia dripu, wakanichoma sindano, na kesho yake kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeketi kitandani naomba supu. Daktari aliyekuja kuniona hakuanza na faili. Alinishika mkono, akakigeuza kiganja, akakitazama kama mtu asomaye kitabu alichokwisha kukisoma, kisha akaniuliza kwa upole kama napenda chumvi. Nililia mbele yake. Kwa miezi mingi nilikuwa nimesomwa vibaya, na hatimaye nimempata aijuaye herufi.

Sitaeleza nadharia ya ugonjwa wangu. Inatosha kusema kwamba juu ya figo za binadamu kuna tezi mbili ndogo, kwamba kifua kikuu nilichougua nikiwa msichana kiliziharibu kimyakimya, na kwamba kazi yake sasa hufanywa na vidonge ninavyomeza asubuhi, mchana na alasiri, na nitavimeza hadi mwisho wa maisha yangu. Kukosa dozi ni kurudi sakafuni.

Kipupwe kilinikuta kwenye mabenchi ya kliniki. Huko mtu hasogei kwa miguu. Kila jina likiitwa, safu nzima husogea kwa makalio, na kuna maarifa ya kujua ni benchi gani linapata upepo wa feni na lipi limelegea msumari. Tulichanganywa na wagonjwa wa kisukari, watu wacheshi kuliko nilivyotarajia, ambao walihesabu matunda waliyokatazwa kama watu wanaokumbuka wachumba wa zamani. Polepole viganja vyangu vilianza kufutika. Fizi zikarudi kuwa za waridi. Nilipata tena uwezo wa kusimama darasani kipindi kizima, na yule msichana wa dirishani akaniletea daftari lake kwa mikono miwili, kichwa akiwa ameinamisha. Nilimsahihishia insha yake kwa ukali uleule wa siku zote. Hiyo ndiyo heshima ninayoweza kumpa mwanafunzi.

Lakini ndani ya ratiba yangu ya dawa kulikuwa na neno moja ambalo halikuniacha nilale vizuri: mchana. Ramadhani ingeingia kiangazi, joto likiwa kali kuliko wakati wowote. Je, ningeweza kufunga? Mtu aliyekwisha kunyang'anywa rangi yake, nguvu zake na heshima yake mbele ya watoto wa watu huogopa kunyang'anywa na mwezi wake. Kwa upande wa pili nilikumbuka sakafu ya bafu.

Nilimwuliza sheikh wa msikiti wetu. Alijibu kwa haki: mgonjwa ana ruhusa yake, na kuyapima madhara ni kazi ya tabibu. Nilimwuliza tabibu.

“Mwalimu, sijui,” alisema.

Nilidhani sikusikia sawasawa, kwa maana madaktari wa nchi hii hawana desturi ya neno hilo.

“Vitabu nilivyosomea,” aliendelea, “vimeandikwa na watu ambao wagonjwa wao hawafungi. Nikikukataza, nitakuwa nimekisia. Nikikuruhusu, huenda nitakuwa nimekuua. Nipe muda tulitafute.”

Nyumbani hawakuhitaji muda. Zuhura alikuwa na simu yake na Idrisa alikuwa na yake, na ndani ya juma moja kila mmoja alikuwa ametoka kwenye steshenari ya mtaa wetu na furushi la karatasi. Za Zuhura zilisema saumu hutakasa damu, hupumzisha viungo, huponya hata maradhi yaliyowashinda mabingwa. Za Idrisa zilisema mgonjwa wa vidonge kama vyangu akikaa na njaa ataanguka na hatainuka. Waliziweka mezani wakati wa chakula cha jioni, pande mbili za bakuli la mchuzi.

“Dada, unataka kumzika mke wangu kwa makaratasi,” alisema Idrisa.

“Na wewe unataka kuizika dini yake, yeye mwenyewe akiwa hai,” alijibu Zuhura.

Walikuwa hawajawahi kukosana hivyo tangu kugawana nyumba ya baba yao. Niliwaomba wote wawili wanioneshe walichoandika kwenye simu walipokuwa wakitafuta. Zuhura alikuwa ameandika faida za kufunga kwa mgonjwa. Idrisa alikuwa ameandika hatari za kufunga kwa mgonjwa. Kila mmoja alikuwa ameagiza, na kila mmoja alikuwa amehudumiwa. Nilipowaonesha jambo hilo, Zuhura alisema kwamba matokeo yake yalikuwa mengi zaidi, na Idrisa akasema yake yalikuwa ya Kiingereza. Baada ya hapo walinuniana. Kwa majuma kadhaa mume wangu alipita mlangoni kwa dada yake bila kubisha hodi, na mimi nikawa nabeba salamu ngazini kama tarishi.

Vuli ilikuwa imeanza daktari aliponiambia niende kwenye maktaba ya chuo kimoja cha utabibu hapa mjini, kwa mkutubi ambaye madaktari humtegemea wanapokwama. Angeweza kumpelekea swali yeye mwenyewe, alisema, lakini mwenye swali akiwepo swali hunyooka.

Nilifika na nguo zilizolowa mvua. Mkutubi alikuwa mdogo wangu kwa miaka michache, mwenye msalaba mdogo shingoni na lafudhi ya Songea isiyoogopa mji. Aliniamkia, nikamwitikia, akanipa kiti karibu na kompyuta yake. Nilingoja aanze kubonyeza. Hakubonyeza. Aliuliza kazi yangu na ninakokaa, ugonjwa wangu kwa jina lake kamili na kilichousababisha, dawa ninazotumia na nyakati zake, kama nimewahi kuanguka na ni lini. Kisha akaniuliza ninachotaka kujua.

“Nataka kujua kama naweza kufunga.”

“Hilo atalijibu daktari, Mwalimu. Mimi naweza kukutafutia watu waliokutangulia: wenye ugonjwa wako, waliofunga, na yaliyowapata.”

Nimefundisha watoto kutunga maswali kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sijawahi kuona swali likivuliwa tamaa kwa ustaarabu kama ule.

Alinieleza kwamba yako maghala mengi ya makala za kitabibu mtandaoni, kila moja likiitwa kanzidata, na kwamba karibu kila anayeingia pale huuliza ipi ni kubwa kuliko zote.

“Wewe ni mtu wa Kariakoo,” alisema. “Ukitaka mkanda wa cherehani ya zamani, utaingia duka kubwa kuliko yote?”

“Nitakwenda mtaa wa mafundi cherehani.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ndio wenye cherehani.”

“Basi tujiulize hivyo. Madaktari gani wana wagonjwa wanaofunga?”

Hata hivyo alianza na ile kubwa, ya Marekani, ili tusiseme hatukubisha hodi. Aliandika ugonjwa wangu kwa majina yake yote, na saumu kwa majina yake yote, kisha akayaunganisha ili zije makala zinazogusa mambo yote mawili tu. Zilikuja kadhaa. Nyingi zilihusu watu waliokaa na njaa hadi asubuhi ili watolewe damu ya vipimo, jambo ambalo halikunihusu. Mbili tatu alizihifadhi. Akafungua ya pili, inayokusanya kazi zilizopima tiba na kuzilinganisha kwa mizani. Huko hakukuwa na kitu.

“Hakuna,” aliniambia, akageuza kioo nione mwenyewe. “Na hilo tunaliandika pia. Hawa hawajapima, na wamekuwa waungwana wa kutosha kutokujaza nafasi.”

Ya tatu sikuwahi kuisikia. Ilikuwa faharasa ya majarida ya utabibu ya nchi za mashariki ya Mediterania, zile ambazo kuanzia Misri hadi Pakistani daktari hufunga pamoja na mgonjwa wake, na wote wawili hungoja magharibi. Haikuwa na sura nzuri. Ilifunguka polepole, na yapo majarida ambayo makala zake ilimbidi azifuate kwenye tovuti zao moja moja. Lakini safu ya vichwa vya habari iliposhuka kwenye kioo, nililiona neno Ramadhani, halafu tena, halafu tena, si katika tangazo wala mahubiri, bali katika lugha kavu ya watu wanaohesabu mapigo ya moyo na chumvi ya damu. Walikuwapo. Kulikuwa na watu waliokuwa wameliuliza swali langu kabla yangu, kwa makini, bila kupigiana meza. Nilihisi kama mtu aliyekaa peke yake kwenye kituo kirefu, kisha akaona wenzake wanawasili na mizigo yao.

Nilimwuliza kama makala hizo zinaruhusu.

“Nimechukua zote zinazogusa swali, zinazokubali na zinazokataa,” alisema. “Nikikuchagulia unazozipenda, nitaacha kuwa mkutubi, nitakuwa mpishi wako.”

Alizipanga, akaandika juu yake tulikopita, maneno tuliyotumia na mahali tulipotoka mikono mitupu, ili daktari aweze kuirudia njia yote akitaka. Hakunisomea hukumu hata moja. Nilirudi nyumbani nimebeba bahasha ambayo sikujua ilikuwa upande wa nani, na nakiri kwamba nilitembea kwa utulivu ambao sikuwa nao tangu nianguke.

Daktari alizisoma, nami nikasogea kwa makalio kwenye benchi hadi zamu yangu.

“Wapo waliofunga salama, Mwalimu, na wapo waliolazwa,” alisema. “Ninavyozisoma, waliolazwa wanafanana na wewe wa sasa. Umeanguka mwaka huuhuu, dozi yako haijatulia, na nyumbani hakuna ajuaye kukuchoma sindano ukizidiwa. Ramadhani hii, hapana. Hayo matatu tukiyarekebisha, tutauliza tena.”

Idrisa aliposikia alisema, “Si nilisema?”

Nilimjibu mbele ya dada yake, kwa kuwa hilo lilihitaji shahidi. “Ulisema hapana. Hukusema kwa nini. Hapana yako ilikuwa ukuta, na hii ina mlango, tena nimeambiwa funguo zake.” Karatasi za Zuhura zilikuwa bado juu ya kabati, na sikumwona akizichukua, ila siku iliyofuata hazikuwapo.

Ramadhani iliingia na joto lake. Nilipika vyakula vya fidia ya siku nisizofunga kwa wasiojiweza wa mtaa wetu, na nilikula mchana nikiwa nimefunga mlango wa jikoni. Nani angenilaumu? Hakuna, lakini aliyezoea kusimama safuni huona aibu hata ya kukaa kwa ruhusa. Adhuhuri moja mlango ulisukumwa. Alikuwa Zuhura, ametoka Mchikichini kwa miguu, midomo imemkauka kwa saumu, mkononi ana sahani iliyofunikwa: wali, samaki wa kukaanga, kachumbari, na chumvi kidogo pembeni ya sahani kama kwa mgeni wa heshima. Aliketi mbele yangu.

“Kula, wifi,” alisema. “Nimekuja kuisimamia ibada yako.”

Nilikula yote. Alifanya hivyo karibu kila siku hadi mwezi ulipoandama, na Idrisa, alipogundua, alishuka ngazi akabisha hodi kwa dada yake na furushi la mapazia mapya. Hawakuombana radhi. Walibishana juu ya rangi, na huo ndio msamaha wa ukoo ule.

Mwaka uliofuata tulizifanyia kazi funguo tatu. Masika yalipita sikuanguka. Kipupwe dozi ilitulia. Idrisa alifundishwa na muuguzi kuchoma sindano, akafanya mazoezi kwenye chungwa kwa uso wa mtu anayetegua bomu, na Zuhura akamwambia chungwa lile limekufa shahidi. Mwezi wa Shaabani, daktari alibadilisha nyakati za dawa yangu, akanipa masharti ambayo sitayaandika hapa kwa kuwa yalikatwa kwa kipimo cha mwili wangu, na nikajaribu siku moja, kisha nyingine. Sharti kubwa nitalisema: kizunguzungu kikija, nile papo hapo, bila kungoja na bila majuto.

Ramadhani hii iliyopita nilifunga. Siku zote? Hapana. Alasiri moja, darasani, ukuta ulianza kuzunguka. Nilitoa tende mkobani nikaila mbele ya wanafunzi wangu wote, nikawaeleza kwa nini, nikaendelea na somo. Hakuna aliyecheka. Siku hiyo nitailipa, Mungu akipenda, na nisipoweza najua ruhusa yangu ilipo.

Siku ya kwanza ya mwezi tulimwalika mkutubi kufuturu. Alikuja akitokea kazini, akakaa mkekani kati yangu na Zuhura, na kwa kuwa Kwaresma yao ilikuwa imeingia naye alikuwa na mfungo wake, akaomba tu asipewe nyama. Adhana ilipolia nilikula tende, nikanywa maji ambayo sikuwa na hakika kama ningeyanywa tena kwa namna ile. Zuhura alimjazia uji wa pilipili manga hadi ukingoni, akamwambia mgeni anayemaliza bakuli huwa si mgeni. Alimaliza.

Nilimweleza kwamba ninaandika simulizi hii na ninataka kumtaja. Alikataa. Alisema mkutubi ni mlango, na hakuna anayeushukuru mlango. Nilimjibu kwamba aliyekaa nje mvuani huushukuru sana. Mwishowe alikubali kwa masharti: niandike wazi kwamba yeye alitafuta tu na daktari ndiye aliyeamua, na kwamba msomaji asiige saumu yangu, aige swali langu, kisha alipeleke kwa wenye wagonjwa wa namna yake. Nimeyatimiza. Anaitwa Anastazia Komba.